Paloma, Serena, Irene

Kikombe cha kwanza Britta alikikuta chini ya kiti ndani ya gari la kazi la mumewe, na asingekitilia maanani kama asingekigeuza. Kilikuwa kikombe cha karatasi, kutoka kwenye ile mikahawa ambayo mhudumu huandika jina la mteja ubavuni ili amwite kinywaji kikiwa tayari. Jina lililoandikwa lilikuwa Paloma. Pembeni ya jina kulichorwa kimoyo kidogo, tena kikajazwa wino.

Britta Lindahl alikuwa mjamzito wa miezi minane, na alikuwa na kazi inayomharibia mtu imani. Alisafisha watu meno katika kliniki moja mjini Duluth, jimboni Minnesota. Kutwa nzima watu walikaa kwenye kiti chake, wakamwambia kwa macho makavu kwamba wanapitisha uzi katikati ya meno kila usiku, huku fizi zikivuja damu mbele ya pua yake. Hakubishana nao. Alitabasamu nyuma ya barakoa na kuendelea kukwangua. Lakini alijua, na kile alichokijua alirudi nacho nyumbani kila jioni.

Siku hiyo aliandaa meza kama kawaida, nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu, na maharage mabichi pembeni. Wade akaja akanawa, akaketi, akala. Britta akamwacha amalize nusu ya sahani.

"Leo kahawa ulikunywa wapi?"

"Kahawa? Ile ya kwenye chupa yangu. Kwa nini?"

"Basi tu. Niliona kikombe kwenye gari."

Wade aliinua macho, akayashusha upesi mno. "Aa, kile. Cha mtu wa kazini, nilimpa lifti."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Britta. Nipe chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yake, karibu kabisa na mkono wake.

Sasa, huyu Wade hakuwa mwongo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mwanaume mrefu mwenye macho ya kijivu na maneno ya kuhesabu, hata kwa watu wa Minnesota, ambako mtu huweza kumpenda mkewe hadi uzeeni asimwambie. Alipomtaka Britta hakusema. Alikuja kliniki kutengeneza mtambo uliokufa katikati ya Januari, akautengeneza, kisha akarudi mara mbili kuukagua mtambo ambao haukuwa na tatizo lolote. Mara ya tatu Britta mwenyewe ndiye aliyemwuliza, "Wewe unakagua mtambo au unanikagua mimi?" Wade akawa mwekundu hadi masikioni, na Britta akampenda palepale. Ndiyo maana uwongo huu mdogo wa chumvi ulimchoma. Mtu asiyejua kudanganya akianza kudanganya, mkewe huliona hilo kabla hajamaliza kutafuna.

Wiki iliyofuata alikuta kikombe kingine, nyuma ya sanduku la vifaa, kimefichwa. Serena. Na kimoyo.

Alimpigia simu dada yake, Maren, anayekaa ng'ambo ya daraja, mjini Superior.

"Wawili?" Maren alipiga kelele. "Britta, mume wako ana wanawake wawili, na huyo ni mwanaume ambaye salamu tu inamshinda?"

"Dada, sijasema ana wanawake. Nimesema nimeona vikombe."

"Vikombe vina majina ya wanaume?"

"Hapana."

"Basi! Mimi nilikwambia zamani, mdogo wangu. Mwanaume asiyesema kitu, ana kitu anakificha. Ukasema, ooh, Wade ni mpole, Wade ana aibu. Aibu yake hiyo sasa ina majina. Serena! Unamwona kabisa mtu mwenyewe, ana nywele hadi kiunoni huyo."

"Usinichekeshe, Maren, tumbo linauma."

"Sichekeshi. Mimi sikuwahi kumpenda huyo mtu na unajua. Juzi ulinieleza anatoka nyumbani mapema kuliko zamani. Anatoka kwenda wapi?"

Ni kweli, Wade siku hizi aliondoka mapema, na akirudi koti lake lilikuwa na harufu ya mdalasini. Naye Wade hakuwahi kuupenda mdalasini maishani mwake.

Kikombe cha tatu hakikufichwa vizuri. Kilikuwa kwenye mfuko wa mlango, kimebanwa na glovu zake. Irene. Britta alikaa ndani ya gari lile baridi akikitazama, pumzi yake ikitoka kama moshi, na machozi yakamjia kwa hasira. Huyu Irene ana miaka mingapi? Tumbo lake likoje, limetulia, halijabeba mtu? Mtoto akampiga teke la ubavu. "Hata wewe," Britta akamwambia, kisha akanyamaza haraka, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzungumza na mtoto.

Hakuna aliyezungumza na mtoto katika nyumba ile, wala kuzungumzia habari zake. Miaka miwili nyuma walirudi kutoka hospitalini mikono mitupu, wakakuta chumba kimepakwa rangi, herufi za mbao za jina la mtoto zimepigiliwa ukutani juu ya kitanda kidogo, na jina lilelile limedariziwa kwenye blanketi walilopewa siku ya sherehe ya zawadi za mtoto. Wade ndiye aliyezing'oa herufi zile, moja moja, kwa bisibisi, huku Britta amekaa sakafuni. Mimba hii ilipoingia, Britta aliweka sheria. Hakuna rangi, hakuna sherehe, hakuna jina, hadi atakapomsikia mtoto analia kwa masikio yake. "Niahidi," alimwambia mumewe. Wade akaahidi. Mlango wa chumba ukafungwa, na tangu hapo hata usiku, mtoto akicheza tumboni, mkono wa Wade ukiwa karibu, mkono ule ulisogea kidogo, ukasita, ukarudi ulikotoka. Britta aliuona ukirudi. Mwanzoni alishukuru. Sasa alijiuliza mkono ule unaenda wapi ukitoka kwake.

Jumatano aliomba ruhusa kazini. Alitia mkoba wenye nguo kwenye buti la gari lake. Maren alikuwa ameshamtandikia kitanda. "Mfumanie kwa macho yako," dada yake alimwagiza, "usije ukabembelezwa. Ukishaona, usiseme neno. Geuza gari, pita darajani, njoo kwangu."

Wade alitoka na giza. Britta akamfuata kwa mbali, theluji imerundikwa pande zote za barabara, hadi taa za breki zilipowaka mbele ya mkahawa mmoja karibu na ziwa. Aliegesha nyuma ya gari la maziwa. Akapiga moyo konde, akashuka, tumbo mbele, mikono imekufa ganzi.

Mkahawa ule ulikuwa na milango miwili, wa nje na wa ndani, na katikati kijichumba cha kuzuia baridi. Hapo ndipo Britta alipojibanza, akichungulia kwenye kioo chenye ukungu. Wade alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya ukutani, kofia juu ya goti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nyuma ya kaunta alikuwepo binti mwenye kipini puani, anacheka. Alikuwa anamcheka Wade! Akamwambia kitu, na Wade, yule Wade wa nyumbani asiyefungua mdomo, akajibu maneno marefu, mikono inaenda huku na huku, na mwisho akacheka naye.

Britta hakuwa ameuona mdomo ule ukicheka kwa muda mrefu. Haya, wewe ni nani kati yao, alimwuliza yule binti moyoni. Paloma au Serena?

Binti akashika kikombe, akaandika ubavuni, akachora kitu kidogo. Kisha akakiinua juu na kuita, sauti ikajaa mkahawa mzima:

"Shiloh! Shiloh, kinywaji chako!"

Wa nne. Britta akageuza kichwa kumtafuta huyo mwanamke. Watu walikuwa wachache, mzee mwenye kofia ya masikio, mama mmoja anafuma sweta, vijana wawili na kompyuta zao. Hakuna aliyesimama. Wade alikuwa amefumba macho.

Binti akaita tena, safari hii polepole, kwa kuvuta, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. "Shiloooh!"

Wade akafumbua macho, akasimama. "Yupo," alisema. "Yupo, anakuja."

"Hilo ndilo!" mzee wa kofia akagonga meza. "Hilo linalipita la juzi kwa mbali."

"Mimi bado niko na Irene," alisema mama wa sweta bila kuinua macho. "Irene ni jina la mtu mwenye akili."

"Irene ni jina la shangazi yangu, na hakuwa na akili yoyote," mzee akajibu.

Mkahawa mzima ukacheka. Britta alisukuma mlango.

"Karibu, mama, nikupe nini?" binti alisema. Kisha akaliona tumbo. Akamwona Wade, amesimama na kikombe mkononi, uso umemwisha damu. "Wee," binti akasema kwa sauti ndogo. "Ndiye?"

"Ndiye," alijibu Wade.

Mama wa sweta aliacha kufuma. Mzee akavua kofia yake. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Britta aliyatazama macho yao yote na akaelewa kwamba watu hawa, ambao hajawahi kuwaona hata mara moja, walikuwa wakimjua. Walijua tumbo lake lina mtoto wa kike. Pengine walijua hata mwezi wa kujifungua.

"Nje," alimwambia mumewe.

Waliingia kwenye gari la kazi. Wade akawasha mtambo wa joto, akamwelekezea mkewe matundu yote, kisha akakosa cha kufanya na mikono yake.

"Nilidhani una mwanamke," alisema Britta.

"Mwanamke?"

"Watatu. Leo ndio nimempata wa nne."

Kicheko kilimjia Wade hadi kwenye meno. Akaiona sura ya mkewe, akakimeza.

"Usithubutu," Britta alisema. "Usithubutu kucheka, Wade Lindahl. Nimeweka mkoba kwenye buti. Leo nilikuwa nalala kwa Maren."

"Britta..."

"Ungekuwa na mwanamke ningejua la kufanya. Ningekutukana nikaondoka. Hili sasa nilifanyeje? Kile kimoyo je? Kimoyo cha nini kwenye vikombe vya mume wa mtu?"

"Yule binti anamchorea kila mtu. Kamwulize yule mzee, hata cha kwake kina kimoyo."

"Na mdalasini?"

"Maziwa ya moto na mdalasini. Nilifikiri..." alisita, masikio yakawa mekundu. "Nilifikiri mtoto hawezi kuagiza kahawa."

Britta alifunika uso kwa mikono. Alitaka kucheka, alitaka kumpiga. Alipoitoa mikono, hasira ilikuwa bado ipo, ila imehamia mahali pengine.

"Uliniahidi," alisema. "Tulikubaliana, hakuna jina. Halafu unaenda kumgawa mwanangu kwa watu wa mkahawani? Yule mzee ana la kusema juu ya jina la mwanangu, mimi mama yake sina?"

"Wewe ulikataa."

"Nilikataa kwa sababu naogopa!"

"Na mimi?" Sauti ya Wade ilipanda, na kwa kuwa haikuzoea kupanda, ilipasuka njiani. "Mimi siogopi? Nimeahidi, ndiyo. Nikajaribu. Sikulaumu hata kidogo, Britta, Mungu ananiona. Lakini wewe mtoto unaye. Anakuamsha, anakupiga mateke, mko wawili kutwa. Mimi nina mlango uliofungwa tu. Nikigusa tumbo unakaza mwili, unadhani sijui? Nimpeleke wapi mtu wangu nikamzungumzie? Nyumba za watu? Niuambie mtambo?"

Kumbe Britta alikuwa akikaza mwili. Alikuwa hajui.

Wade alizungushazungusha kikombe mkononi. Alipoanza tena alisema kwa kunong'ona.

"Linnea," alisema.

Jina lile halikuwa limesikika tangu siku ya bisibisi. Britta alishika mlango wa gari, asijue anataka kuufungua au kujishikilia.

"Linnea tulimwandika ukutani," Wade aliendelea. "Tukamwandika kwenye blanketi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwita. Hakuna hata mmoja, Britta, aliyesimama mahali akapaza sauti akamwita kama mtoto anavyoitwa. Hilo ndilo linaloniua. Nikasema huyu, hata ikitokea... hata ikitokea lile, awe ameshaitwa. Mtu amemwita mbele za watu, na mimi baba yake nimemwitikia."

Kioo chote kilikuwa kimeshika ukungu. Mwanaume yule mrefu alilia bila sauti, mdomo umebana, mabega yanatikisika, na Britta akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyekaa na mwenzake miaka yote akidhani hajawahi kulia. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja akimlinda mwenzake na machozi yake, hadi nyumba ikawa baridi na fundi wa joto yumo ndani.

Hata hivyo alikuwa Britta, na shaka haikumtoka mara moja.

"Na mbona ni majina hayo tu?" aliuliza, akifuta pua kwa glovu yake. "Paloma, Serena. Ulikuwa na watu wenye majina hayo? Niambie ukweli."

"Sikuwa na mtu yeyote. Unajua sikuwa na mtu yeyote, mimi hata wewe ilibidi uniulize." Alivuta pumzi. "Yote yanasema kitu kimoja. Paloma ni njiwa. Serena ni mtulivu. Irene ni amani, kwa Kigiriki. Shiloh ni mahali pa kupumzika. Sisi nyumbani hatuna amani, Britta. Hatugombani, lakini hatuna. Nikasema labda huyu aje nayo."

"Mzigo huo wote umtwishe mtoto mchanga?"

Wade alilifikiria hilo kwa uzito wake wote. "Hapana," alisema hatimaye. "Umesema kweli. Hiyo ni kazi yetu."

Simu ya Britta ililia. Alikuwa Maren, na hata kabla hajaiweka sikioni sauti yake ilisikika gari zima. "Umeona? Yukoje? Ana nywele hadi kiunoni?"

"Ana kipini puani," alisema Britta.

"Nilijua! Njoo, mdogo wangu, supu iko jikoni."

"Dada, siji. Nitakueleza."

"Amekubembeleza! Britta, amekubembeleza huyo, nilikwambia usi..."

Britta akakata.

Walirudi nyumbani kila mtu na gari lake, yeye mbele, Wade nyuma, na njia nzima alikuwa akimwangalia kwenye kioo, kwa mazoea tu, kuona kama anakata kona. Hakukata. Jikoni alivua koti, akasimama akiutazama mlango wa nyuma na uwanja uliojaa theluji hadi kwenye ua wa jirani.

"Jina halipimwi dukani," alisema. "Mama yangu alikuwa anasimama pale mlango wa nyuma jioni, anatuita tuje kula, sisi tuko mbali huko tunateleza kwenye barafu. Maren. Britta. Alisema jina lisilofika mwisho wa uwanja halina faida. Mhudumu anaita mtu aliye hatua mbili tu! Hiyo ni kuita?"

Wade alimkodolea macho. Hakuthubutu kuelewa.

"Nini unaniangalia? Toka nje."

"Sasa hivi?"

"Unataka nitoke mimi, na tumbo hili?"

Alitoka, kofia kaisahau. Alikwenda hadi katikati ya uwanja, miguu inazama. Britta alifunga mlango, akasimama nyuma ya kioo, mikono yote miwili juu ya tumbo. Aliogopa, na sasa hakuuficha woga wake. Mtoto alikuwa bado hajalia. Ilibaki wiki kadhaa, na Britta alijua vizuri sana kinachoweza kutokea ndani ya wiki kadhaa.

"Paloma!" Wade aliita. "Paloma, njoo ule!"

Britta akatikisa kichwa. Hapana.

"Serena!"

Mbwa wa jirani alibweka. Hapana.

"Irene! Irene, chakula!"

Jirani mwenyewe akatokeza dirishani, akaona mwanaume mzima anaita wanawake watatu kwenye theluji asubuhi, akarudisha pazia. Britta akacheka hadi kioo kikashika ukungu, akakifuta kwa kiganja.

Wade akaigeuzia nyumba mgongo, akautazama upande wa mbali, kule uwanja unakoishia, kama vile kweli kuna mtu kule, mdogo, mwenye viatu vizito, ambaye michezo imemkolea. Akaweka mikono pembeni ya mdomo.

"Shiloh! Shilooooh! Njoo nyumbani, mwanangu, chakula kinapoa!"

Mtoto aligeuka. Aligeuka tumbo zima, mzito, kama mtu anayegeukia mlango. Pengine angegeuka tu wakati ule. Britta hakutaka kujua. Alifungua mlango wa nyuma, baridi ikampiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mimba ile iingie alisema kwa niaba ya watu wawili, kwa sauti yake yote, ifike mwisho wa uwanja:

"Tunakuja!"